Kufuga Kuku Kwenye Baridi ya Alaska: Mwongozo wa Anayeanza

Kila ikifika Agosti simu yangu huanza kuita. Mmoja yuko Anchorage, mwingine Edmonton, mwingine Fargo. Wote wamekulia kwenye nyumba zenye kuku uani, iwe Kigoma, Bukavu au Kisii, na wote wanauliza yale yale: kuku wanaishije kwenye barafu? Niwawekee hita? Mbona mayai yamekata? Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo naandika mara moja.

Naandikia Fairbanks, katikati ya Alaska, karibu nyuzi 65 kaskazini ya ikweta, kwa sababu ndiko ninakofugia. Hapa baridi ya -40 ni jambo la kutarajia, na ikifika hapo usihangaike kuuliza ni Selsiasi au Farenhaiti, maana vipimo vyote viwili vinakutana kwenye namba hiyo. Januari 1934 mji huu ulifika -54. Aliyekulia Makete akaona jalidi kwenye majani ya viazi asubuhi, bado hajaonja kitu. Nyuzi zote humu ni za Selsiasi. Kama kwako baridi inaishia -15, nitakwambia pa kupunguza.

Jambo moja tu ulishike kabla hatujaanza. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 na amevaa koti la manyoya. Akiwa mkavu, ameshiba na hapigwi na upepo, atastahimili baridi ambayo wewe utaikimbia. Kinachommaliza ni unyevu. Ukisahau mengine yote, hilo usilisahau.

Uwe na nini kabla ya Oktoba

Theluji ya kukaa huanguka Oktoba na haiondoki mpaka Aprili. Ujenzi wa dakika za mwisho, vidole vimekufa ganzi na misumari inakung'ang'ania mkononi, siutakii hata adui yangu. Kwa kuku wanane andaa hivi:

- Banda la mita 2.4 kwa 2.4, lililoinuliwa juu ya nguzo fupi. Dari lisizidi mita 1.8, joto lisipande likakaa mahali ambapo kuku hawapo.
- Sufi ya kuzuia baridi (ile ya nyuzi za kioo), karatasi ya nailoni nzito, na plaiwudi ya kufunika ndani.
- Marobota manne au matano ya maranda makavu ya mbao, na nyasi kavu.
- Hita bapa ya ukutani au hita ya mapezi yenye mafuta ndani, pamoja na thermostati unayoweza kuipanga mwenyewe.
- Chombo cha maji chenye kupasha moto, na ndoo mbili za mpira za akiba.
- Kipimajoto na kipima unyevu ambavyo namba zake unazisoma ukiwa ndani ya nyumba.
- Balbu mbili za LED na taima.
- Wavu wa chuma wa matundu madogo, yasiyozidi sentimeta 1.3.
- Chakula cha kuku wa mayai, nafaka nzima, changarawe na maganda ya chaza yaliyosagwa.

Uliza pia kanuni za manispaa yako. Mara nyingi mitetea inaruhusiwa, jogoo hapana.

Hatua ya 1: Chagua kuku kwa kumwangalia kichwani

Huku kuku hachaguliwi kwa rangi wala kwa wingi wa mayai peke yake. Tazama kilemba, ule upanga mwekundu wa kichwani, na ndevu zinazoning'inia chini ya mdomo. Hapo hapana manyoya, ndipo baridi inapouma kwanza. Kilemba kikubwa kilichosimama kama msumeno ni balaa, kwa hiyo Leghorn, pamoja na sifa zake zote za mayai, mwache.

Tafuta Wyandotte, ambaye kilemba chake kimelala bapa, au Ameraucana, Buckeye na Brahma, wenye vilemba vidogo. Nikiambiwa nichague mmoja tu nitamchukua Chantecler. Alitengenezwa Quebec, Kanada, na mtawa wa abasia ya Oka, Bruda Wilfrid Chatelain, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa shabaha hiyo hiyo ya baridi: kilemba chake ni kama kitufe, na ndevu karibu hana. Brahma ana kasoro moja, miguu yake ina manyoya, na theluji hugandamana humo ikawa mabonge.

Vifaranga agiza Aprili au Mei. Posta ya Marekani huwasafirisha wakiwa na umri wa siku moja, ndani ya kiboksi chenye matundu, na utapigiwa simu asubuhi na mapema uje uwachukue, huku nyuma ya mtumishi unawasikia wanalia. Wa Aprili wataanza kutaga Septemba au Oktoba, na mtetea wa mwaka wa kwanza kwa kawaida hutaga vizuri zaidi wakati wa baridi kuliko kuku mzima.

Hatua ya 2: Usiweke banda bondeni

Wengi hudhani bondeni kuna kinga. Fairbanks ni kinyume. Hewa baridi ni nzito, hutiririka na kutuama chini kama maji, na siku tulivu mtu wa kilimani anaweza kuwa na nyuzi 10 au zaidi afadhali ya mwenzake wa bondeni. Hata ndani ya kiwanja kimoja, chagua palipoinuka. Mlango uutazamishe kusini, na banda liwe karibu na nyumba. Njia ya hatua 20 utaipita kila siku. Ya hatua 100 utaanza kuipigia hesabu ikifika Januari.

Hatua ya 3: Vika banda koti

Kuta, dari na sakafu, vyote vitatu. Sufi inakaa katikati ya mbao, kisha nailoni upande wa ndani, kisha plaiwudi. Nailoni ikiwa upande wa nje, mvuke wa kuku utaingia kwenye sufi, utaganda humo, na koti lako litakuwa limelowa mpaka machipuo.

Onyo: usiache foamu ngumu wazi. Kuku wanaidonoa na kuila kama ubwabwa. Ifunike mpaka pembeni kabisa.

Kabla hujafunga ukuta, zungushia wavu wa chuma chini ya sakafu na kwenye kila tundu. Sababu utaiona mwishoni.

Hatua ya 4: Acha banda lipumue

Hapa ndipo wageni wote huanguka, na mimi nilianguka kwa kishindo. Mwaka wangu wa kwanza niliziba kila upenyo, nikasokomeza matambara mpaka kwenye kimlango cha kuku. Nikajiona fundi. Baada ya siku nne za -35 nikafungua mlango: dari lote limeota maua ya jalidi, kila msumari una kofia nyeupe, na harufu ya kinyesi ikanitoa machozi. Jogoo wangu alikuwa na kilemba cha ncha tano. Kufika Februari zilibaki mbili.

Piga hesabu uone. Kuku mmoja hunywa karibu robo lita kwa siku. Wanane, lita mbili. Ukitoa kidogo kinachoingia kwenye yai, maji yote hayo yanarudi bandani kwa pumzi na kinyesi. Ni sawa na kumwaga ndoo ndogo ya maji sakafuni kila siku na kufunga mlango. Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi, kwa hiyo maji hayo yanatua kwenye kuta, kwenye maranda, na kwenye vilemba. Kilemba kilicholowa huganda upesi kuliko kikavu.

Toboa matundu mawili, kila moja la ukubwa wa daftari, juu kabisa chini ya paa, kwenye kuta mbili zinazotazamana. Yawe juu ya vichwa vya kuku waliolala, upepo usiwapitie. Yawekee vibao vya kutelezesha. Kwenye -10 acha wazi yote. Kwenye -40 punguza mpaka upana wa vidole viwili, lakini usifunge. Nasema tena, usifunge. Kwa kipimo, unyevu ukikaa kati ya asilimia 50 na 70 uko salama. Ukipita hapo, fungua zaidi hata kama moyo unakataa.

Hatua ya 5: Fito za kulalia ziwe bapa

Nyumbani tunatumia mti wa duara. Huku tumia mbao ya inchi mbili kwa nne, ulaze ule upande mpana uwe juu. Kuku akikaa, vidole vyake hulala bapa na kifua kinavifunika kama blanketi. Kwenye mti mwembamba vidole vinajikunja na ncha zinabaki nje. Kila kuku apate sentimeta 25 hadi 30. Wakitaka kubanana, watabanana wenyewe. Chini ya fito weka ubao wa kudaka kinyesi. Asubuhi kitakuwa kimeganda kama kokoto: kikwangue, kitupe, umemaliza. Baridi ina neema zake.

Hatua ya 6: Matandiko makavu

Maranda sentimeta 15 hadi 20, na uongeze kadiri majira yanavyokwenda. Utasoma mahali kwamba matandiko yakirundikwa huchachuka na kupasha banda. Kwingine, huenda. Bandani kwetu ambamo sakafu inakaribia sifuri hayachachuki chochote. Kazi yake ni kukauka na kuziba baridi ya chini. Palipolowa kuzunguka chombo cha maji, chota utoe siku hiyo hiyo.

Weka pia beseni la mchanga uliochanganywa na majivu ya jiko la kuni. Ardhi imekuwa jiwe, hawana pa kuoga vumbi, na wasipooga chawa na utitiri watakufundisha adabu. Majivu yawe yamepoa siku kadhaa, na kuni zisiwe za mbao zilizopakwa rangi au dawa.

Hatua ya 7: Joto kidogo, si joto jingi

Miongozo mingi inasema kwa ukali kwamba kuku hahitaji hita kabisa. Imeandikwa na watu wa -15, na kwa -15 wana haki: ukiwa huko, ruka hatua hii. Kuku mmoja hutoa joto la karibu wati 10, kwa hiyo wanane ni kama balbu ya zamani ya wati 80. Kwenye banda lenye koti zuri hiyo inatosha kwa baridi ya kawaida. Kwa wiki mbili mfululizo za -40, haitoshi.

Mimi hupanga thermostati iwashe kwenye -5. Si sifuri, wala si 10. Sababu ni mbili. Umeme wa Fairbanks ni ghali. Kubwa zaidi, kuku aliyezoea banda la joto, umeme ukikatika usiku anashuka nyuzi 50 kwa mara moja, na hilo linaua. Aliyezoea -5 ana manyoya ya kutosha kustahimili mpaka ufike.

Onyo kubwa kuliko yote humu: usitumie ile taa nyekundu ya joto ya wati 250 inayoning'inizwa kwa mnyororo. Kuku mmoja akiruka, taa ikaanguka kwenye maranda, banda linawaka, na kama limeegemea nyumba, nyumba nayo. Tumia hita bapa au ya mapezi, ifunge ukutani kwa skrubu, na ifute vumbi kila wiki.

Waya nao uangalie. Ekstensheni ya kawaida kwenye -40 inakakamaa kama kijiti na ganda lake linapasuka ukiikunja. Omba ule waya wa baridi ambao watu wa hapa hutumia kupashia injini za magari. Utautambua dukani: ni ule unaokunjika kirahisi.

Hatua ya 8: Maji yasigande

Kuku asipokunywa hali, asipokula hana joto. Watadonoa theluji, ndiyo, lakini haiwatoshi, na kila tonge la theluji linawagharimu joto la kuliyeyusha.

Rahisi ni chombo cha chuma juu ya kitako cha umeme kinachopasha. Bora zaidi ni ndoo yenye kipasha maji ndani na chuchu za kunywea pembeni: maji hayamwagiki, unyevu unapungua, na kuku wenye ndevu za manyoya kama Ameraucana hawalowi kidevuni. Ndevu iliyolowa ikaganda ni donge la barafu shingoni usiku kucha.

Kama huna umeme bandani, tumia ndoo mbili za mpira kwa zamu: moja bandani, moja jikoni inayeyuka. Za plastiki zitapasuka ukizigonga, ila ya mpira unaigeuza, unaikanyaga, donge la barafu linatoka zima. Peleka maji ya vuguvugu asubuhi, mchana na jioni.

Hatua ya 9: Lisha zaidi, na jioni usisahau nafaka

Kuku wa mayai wa kawaida hula kama gramu 120 kwa siku. Kwenye baridi kali anaweza kula mara moja na nusu ya hapo, usimpimie. Msingi ni chakula cha kuku wa mayai chenye protini asilimia 16 hadi 18. Saa moja kabla ya taa kuzima, nyunyiza konzi ya mahindi yaliyovunjwa, ngano au shayiri kwa kila kuku. Tumbo likifanya kazi usiku, mwili unapata joto.

Changarawe ni lazima. Nyumbani kuku huziokota uani mwenyewe. Huku uani ni theluji tupu, na firigisi bila mawe haisagi nafaka.

Ning'iniza kabichi nzima kwa kamba, iwe juu kidogo ya vichwa vyao. Wataruka na kuidonoa kutwa. Kuku aliyefungiwa ndani miezi sita bila shughuli huanza kumdonoa mwenzake.

Hatua ya 10: Taa

Desemba 21 hapa Fairbanks jua hutoka karibu saa tano asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Hazifiki saa nne za mwanga, na kuku anahitaji kama 14 ili atage.

Utaambiwa uongeze mwanga asubuhi tu, jioni uwaachie jua lizame wenyewe. Ushauri huo ni mzuri kwa nchi yenye jioni. Kwetu ingebidi uwashe taa saa saba usiku! Fanya hivi: taa kubwa iwake saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja kasoro usiku. Ikizima, balbu ya pili, hafifu kabisa, iendelee kuwaka nusu saa. Ndiyo magharibi yao. Bila hiyo, giza likiwakuta chini, watalala chini, maana kuku gizani haoni kitu. Tumia wati chache tu. Ukiweza kusoma gazeti bandani, mwanga unatosha. Anza Septemba, ukiongeza kidogo kidogo.

Wako wanaozima kabisa na kuwaacha kuku wapumzike mpaka Machi. Sina ugomvi nao, ila chakula ninachonunua mimi nataka kukiona kwenye kikaango.

Hatua ya 11: Kutoka nje

Wafungulie mchana mpaka kama -12, upepo usipokuwepo. Kuku wengi hugoma kukanyaga theluji, husimama mlangoni wakiitazama kama wamedhulumiwa. Koleo kidogo, nyasi kavu juu yake, na watatoka. Chini ya -20 mimi siwafungulii.

Mayai yaokote mara tatu kwa siku. Yai lililoachwa kwenye kiota lingali na joto litavumilia kidogo, lakini kwenye -5 likilala hapo litaganda na kupasuka.

Mambo yakienda kombo

*Kilemba kimegeuka cheupe au kijivu, kisha cheusi.* Kimeunguzwa na baridi. Usikisugue, usikikate, usivunje ncha zilizokauka, zitadondoka zenyewe. Mpeleke kuku mahali pakavu pasipoganda, apashwe polepole. Miguu ikiwa imeganda, iloweke kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto. Na usimrudishe bandani siku hiyo kisha agande upya, hapo jeraha linakuwa baya zaidi. Watu hupaka vaselini kama kinga. Nimepaka misimu miwili, sikuona tofauti, ila nilichafua manyoya. Rudi hatua ya 4.

*Jalidi kwenye kuta, au pua inawasha ukiingia.* Matundu hayatoshi, au matandiko yamelowa. Inama uweke uso wako usawa wa kuku ndipo unuse. Harufu ya amonia huanzia chini.

*Mayai yamekata ghafla.* Kwanza angalia maji, pili taima (umeme ukikatika dakika kumi inapotea majira), tatu manyoya sakafuni. Kama wananyonyoka, waongezee protini na uvumilie wiki kadhaa.

*Wanadonoana mpaka damu.* Mtoe aliyeumia mara moja, kuku wakiona damu hawaachi. Punguza ukali wa taa, ongeza nafasi, ning'iniza kabichi nyingine.

*Mmoja amejikunyata peke yake, mkia chini, hali.* Wenzake wote wakiwa sawa, huyo ni mgonjwa, si baridi. Mtenge ndani ya nyumba, kwenye boksi, umchunguze koo, tumbo na kinyesi.

*Umeme umekatika usiku wa -40.* Punguza matundu, funga kimlango, usifungue mlango mkubwa ovyo. Uwe na vizimba viwili vya mbwa vimekaa tayari gereji. Zikipita saa kadhaa bila umeme kurudi, watoe mmoja mmoja juu ya fito. Gizani hawapigani, utawachukua kama mizigo.

*Umekuta watatu wamekufa, wameng'atwa shingoni, wala hawakuliwa.* Ni kicheche mweupe. Majira ya baridi anavaa rangi ya theluji, humwoni, na tundu linalopitisha kidole gumba linaweza kumtosha. Waya wa kawaida wa kuku, ule wa matundu makubwa, kwake ni mlango. Tochi mkononi, zunguka banda usiku huo huo, ukipapasa kila pembe chini ya sakafu, kwa sababu kesho usiku atarudi.